Josette wa Kiti cha Nyuma

Mimi ni mwoka mikate, na kila Jumapili ya Pentekoste nafunga duka mapema nikaendeshe gari la chama cha baiskeli. Kazi yangu ni kufuata nyuma ya wote na kuokota waliopasukiwa tairi, walioishiwa pumzi, na wale wanaodai goti linauma wakati kinachouma ni kiburi. Kwa hiyo watu wa baiskeli nawajua. Watalii huwaona sura zao wakipita na kuwapigia makofi. Mimi naona makalio yao ndani ya kaptura za kubana, mwaka nenda mwaka rudi, na mtu hawezi kukudanganya sana ukimtazama kwa nyuma.

Ndivyo nilivyomjua Josette Vernhes. Yeye na mumewe Gilbert walipanda baiskeli ya watu wawili, ya kijani kibichi, viti viwili na mnyororo mmoja. Gilbert alikaa mbele na usukani, breki na gia vyote vikiwa mikononi mwake. Josette alikaa nyuma bila kushika chochote cha maana. Kutoka garini kwangu Gilbert hakuonekana kabisa. Nilichokiona ni mgongo wa Josette na visigino vyake vikizunguka.

Njia yenyewe si ya mchezo. Inaanzia hapa kwetu Montbrousse, inatumbukia bondeni mtoni, inapanda uwandani kwenye kondoo, inatumbukia tena, na kila unapodhani umepumzika unakuta kijiji kingine cha mawe juu ya mwamba mwingine. Waliovijenga vijiji hivyo enzi za vita walitaka adui achoke kabla hajafika langoni, na mpaka leo anachoka. Cha mwisho ni Castelmaur, na kukifikia lazima upande La Pujade, barabara nyembamba iliyobanwa na kuta pande zote mbili, kona juu ya kona.

La Pujade ina sheria yake. Kuanzia msalaba wa mawe ulio chini mpaka lango kuu la kijiji, huruhusiwi kuweka mguu chini. Ukiuweka, hata kwa kufumba na kufumbua, unashuka, unakokota baiskeli yako mpaka juu, na langoni hupiti. Unazungushwa ukutani mpaka kwenye kijimlango ambacho zamani kilipitisha mifugo, unainama kuingia, na chama kizima kimejipanga ndani kikikulilia sauti za mbuzi. Wapo wanaume wazima, wenye nyumba na wajukuu, waliohama chama kwa ajili ya mlango ule. Gilbert alikuwa hajawahi kuupita tangu aoe.

Josette alizaliwa uwandani kwenye shamba la kondoo, mahali ambapo upepo ukivuma hata chumvi inatoka mezani. Alikua akikamua, kisha akapelekwa mjini kushona glavu kiwandani. Gilbert alikuwa mtu wa barabara, anayeziba mashimo na kufyeka kando. Walikutana kwenye dansi ya katikati ya Agosti, na Gilbert akaanza kumfuata kwa baiskeli kila Jumapili. Tatizo ni kwamba Josette hakujua kuendesha. Gilbert alijaribu kumfundisha, Josette akaingia na baiskeli kwenye upupu, akatoka amevimba mpaka masikio, akamwambia atafute mchumba mwingine. Gilbert akapotea wiki nzima. Aliporudi alikuwa na ile ya kijani, kuukuu, aliyoitoa kwa mtu wa bondeni.

Alimwambia, "Huhitaji kujua chochote. Wewe kaa tu."

Akakaa. Alikaa maisha yake yote. Watoto hawakujaliwa, basi Jumapili zao zikawa ni za baiskeli, na likizo zao zikawa za baiskeli, na nikikuambia kwamba walipendana usinielewe vibaya, maana walikuwa wakigombana kama kawaida, juu ya chumvi na juu ya madirisha. Ila wakishapanda kitu kile walinyamaza, na ungewatazama ungeona wivu. Mimi niliona wivu. Wangu alikuwa akilala Jumapili mpaka saa sita mchana.

Chamani Josette alikuwa kichekesho cha kila mwaka. Mtu wa kiti cha nyuma haongozi, habadilishi gia, kwa hiyo wajuaji waliamua kwamba hafanyi kitu. Walimwita abiria. Walimwuliza kama amemaliza gazeti, kama amefuma soksi ngapi tangu Montbrousse, kama kokwa za cheri alizokuwa akila huko nyuma alizitemea upande gani. Bwana Alric, mwenyekiti wetu, aliyekuwa mwalimu wa shule na bado anasema na kila mtu kana kwamba hajafanya kazi ya nyumbani, hakuwahi kuuacha utani huo upite. Josette alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka.

Sasa haya yanayofuata niliyajua baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe, lakini nayaweka hapa ndipo mahali pake.

Masika moja, wakiwa kwenye kimlima cha makaburini ambacho hata mimi nakipanda na kikapu, Josette alihisi pedali zimekuwa nzito. Mnyororo ni mmoja. Anachokifanya wa mbele, wa nyuma anakipokea miguuni, na baada ya miaka yote ile Josette alikuwa anaijua miguu ya Gilbert kuliko yake. Alijua siku aliyolala vibaya. Alijua akiwa na hasira na diwani. Siku hiyo miguu ya Gilbert ilikuwa inazunguka tu, haisukumi. Aliwaza kwamba amechoka, amekula vibaya, ni mambo ya siku moja. Akaongeza nguvu kidogo ili wasisimame, akaizidisha, na baiskeli ikaruka mbele.

Gilbert akageuza shingo amejaa furaha. "Unaona leo tunavyopaa?"

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Josette hakusema neno. Gilbert alikuwa amestaafu, magoti ya wenzake yalikuwa yamekwisha, mmoja mmoja walikuwa wakihamia kwenye baiskeli za betri, na yeye alikuwa akiwacheka mpaka machozi. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba hana miguu? Josette akaamua kuwa na miguu ya wawili. Alijitolea kusafisha kanisa ili apate ufunguo wa mnara wa kengele, akawa anapanda zile ngazi za mawe na kushuka, kupanda na kushuka, ajuza mwenye ndoo, padri akimsifu kwa uchaji wake. Dukani kwangu alianza kununua mkate mkubwa. Nilimtania kwamba anakula kama mfyeka nyasi, naye akasema hewa ya mwaka ule inaleta njaa.

Alimwambia aende kwa daktari, hilo alilisema mara nyingi. Gilbert hakuona sababu. Alikuwa akipumua kidogo kwa shida akipanda ngazi za nyumbani, lakini nani hapumui? Mwishowe Josette alipiga simu mwenyewe mjini, akasubirishwa miezi, akapata nafasi. Ilipokaribia, Gilbert akapiga simu akaifuta. Wakagombana jikoni, dirisha likiwa wazi, mpaka majirani wakasikia.

Gilbert alisema, "Mtu anayepanda La Pujade bila kuweka mguu chini aende kwa daktari kufanya nini? Kumwamkia?"

Na Josette, aliyekuwa na jibu, alinyamaza. Gilbert akamnunia siku mbili, maana alikuwa fundi wa kununa, kisha akasahau.

Pentekoste ikafika. Josette alikuwa ameshakata shauri moyoni. Safari nzima angejikaza, lakini La Pujade hawataipanda. Pale msalabani atasema amechoka, atajisingizia yeye, watacheka wanaocheka, halafu Jumatatu atamkokota Gilbert kwa daktari hata kwa sikio.

Niliwakuta wamesimama pale msalabani wakinywa maji. Wenzao wote walikuwa wameshapanda, sauti zao zikisikika juu kwenye kona. Nilisimamisha gari, nikateremsha kioo. Uso wa Josette ulikuwa mwekundu, wa Gilbert mweupe, na nilidhani ni jua kwa mmoja na kivuli cha kofia kwa mwingine.

"Mwaka huu tushuke, Gilbert," Josette alisema, akininyoshea kidole. "Mado atutie garini."

"Wewe kama umechoka sema umechoka."

"Nimechoka."

Gilbert alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama barabara. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Uso wake ulishuka wote kwa pamoja, akaonekana mzee, mzee ambaye sikuwahi kumwona. Akasema sawa, basi, watapita kwa mbuzi, kila mtu ana siku yake. Akaanza kuvua glavu zake, kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimeshashuka kufungua mlango wa nyuma na kusogeza makreti ya mkate.

"Natania," Josette alisema. "Vaa. Tupande."

Gilbert akazivaa haraka kuliko alivyozivua. Nikafunga mlango nikiwalaani wote wawili, nikawafuata kwa gia ya kwanza, klachi ikinuka.

Nimeiona La Pujade ikiwatoa watu roho, lakini vile sijaona. Kwenye kona ya pili fulana ya Josette ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Kwenye ile kona kali, ile yenye mtini ukutani, baiskeli ilikaribia kusimama, gurudumu la mbele likaanza kutafuta njia. Hapo Josette akainuka kwenye kiti. Mtu wa nyuma hainuki peke yake, hilo kila mtu wa chama anakufundisha, wanainuka wote au hainuki mtu. Yeye aliinuka, akaegemea pedali kwa uzito wake wote, akaguna. Dirisha langu lilikuwa wazi nikamsikia. Mguno ule nimeusikia wodi ya wazazi tu. Kisha pedali nyingine, mguno mwingine, mpaka juu.

Wakaingia lango kuu. Watu walishangilia, kengele za baiskeli zikalia, na Bwana Alric akauliza kwa sauti ya darasani kama abiria amefika salama.

Gilbert alikuwa ameshuka, ameshika usukani kwa mikono miwili, anacheka. "Huyu namvuta tangu nimuoe," alisema, "na hajapungua hata kilo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Josette pia alicheka. Alikuwa ameegemea ukuta wa lango, na mapaja yake yalikuwa yanatetemeka wazi, lakini nani atazame mapaja ya abiria? Mezani Gilbert alikula sahani mbili za viazi vilivyopondwa na jibini, akamimina divai, akasimulia kona moja baada ya nyingine alivyoikabili. Josette hakuweza hata kushika uma. Alikuwa akimtazama tu mumewe, na nikasema moyoni kwamba hawa wamebahatika.

Gilbert alikufa kiangazi kilipoanza, bustanini, asubuhi njema. Josette alitoka na kahawa akamkuta amekaa chini kwenye maharage, mgongo kwenye miti ya kutambazia, kamba ya kufungia ikiwa bado mkononi. Aliita, akamshika, akaenda kupiga simu, akarudi akakaa naye mpaka walipofika.

Kwenye mazishi tulikuja na baiskeli. Alric alisoma hotuba. Sitaki hata kuikumbuka.

Siku kadhaa baadaye Josette alikuja dukani mchana, saa ambazo huwa nimefunga, akagonga kioo. Nilimkalisha nyuma kwenye magunia ya unga. Hakulia mwanzoni. Alisema daktari aliyekuja siku ile, msichana mdogo, mpole, alimwambia kwamba moyo wa Gilbert ulikuwa umekwisha siku nyingi, mwaka na zaidi. Moyo wa namna hiyo, kwa kawaida, humpeleka mtu hospitali mapema, maana anashindwa kazi, anashindwa mlima, anaona mwenyewe kwamba mambo si mambo. Akamwuliza kama Gilbert hakuwahi kushindwa chochote.

"Nikamwambia hapana," Josette alisema. "Mado, nikamwambia amepanda La Pujade juzi juzi."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema ajabu. Akasema moyo kama ule usingempandisha hata ngazi ya ghorofani."

Hapo ndipo aliponieleza yote, tangu kimlima cha makaburini. Mnara wa kengele, mkate mkubwa, simu iliyofutwa, glavu zilizovuliwa zikavaliwa tena. Alieleza polepole na kwa mpangilio, kama mtu anayekunja nguo. Nami nikamwambia yale ambayo watu huambiwa. Kwamba hakuwa na kosa, kwamba siku ilikuwa imefika, kwamba Gilbert alikuwa na kichwa kigumu na asingekwenda kwa daktari kwa vyovyote vile.

"Usinifanye mjinga," alinikatiza. "Angekwenda. Angeshindwa mara moja tu, angekwenda. Mimi ndiye sikumwacha ashindwe."

Nilimshika tu, naye akalia, kilio kibaya, cha mtu asiyejali nani anamsikia, na mimi nikalia naye kwa sababu nilimpenda Gilbert na kwa sababu nilijua ni kweli.

Mwaka huo wote niliuzuia mdomo wangu kwa taabu. Nikiwasikia wakimtaja Gilbert, jinsi alivyokuwa chuma, jinsi alivyompandisha mkewe La Pujade wiki chache tu kabla ya kufa, nilitamani kuwatupia sinia. Josette alinikataza. Alisema siri si yangu.

Pentekoste iliyofuata chama kiliandaa jambo. Alric alikuwa amemwagiza fundi wa mawe kibao cha jiwe, kikabandikwa ukutani kando ya lango la Castelmaur, na juu yake jina la Gilbert Vernhes na maneno matatu: hakuweka mguu chini. Josette akaombwa aje afunue kitambaa. Nilimleta mimi kwa gari, tukazungukia njia kubwa ya nyuma. Njiani nilimwambia kwamba akitaka kusema, leo ndiyo siku, wote watakuwepo, na nitasimama karibu naye. Akaniuliza wakishajua watakibandua kile kibao au vipi.

Watu walikuwa wengi. Alric aliongea, akaongea, akafika kwenye neno chuma, akalirudia. Kisha akamgeukia Josette aseme lolote. Nusu yangu ilitaka aseme, wajue nani alimvuta nani, wameze gazeti lao na soksi zao na cheri zao, na nusu nyingine ilitaka kumziba mdomo.

Josette alikishika kitambaa. "Alikuwa na miguu mizuri," alisema, akakivuta.

Walipiga makofi. Wengine walifuta macho, na sisemi kwamba hawakuwa na huzuni, walikuwa nayo. Alric, ili kuwachangamsha watu, akamshika Josette bega akamwuliza sasa nani atamvuta. Watu wakacheka kwa upole. Josette alicheka pia, kidogo. Mimi nilikuwa na mkate mkononi na nilimtazama Alric kichwani, lakini niliuweka mezani nikaenda kuleta gari.

Nilikuwa nishike ile njia kubwa tena. Yeye akaniomba tushuke kwa La Pujade, wote walikuwa wameshafika na barabara ilikuwa tupu. Akakaa kiti cha mbele, pembeni yangu, mikono mapajani. Nikateremka taratibu, mguu kwenye breki, kuta zikipita karibu na vioo. Alikuwa anatazama mbele kwa macho makali, na nikatambua kwamba hakuwahi kuiona. Miaka yote ile alikuwa ameuona mgongo wa Gilbert.

"Kumbe ni kali hivi," alisema.

Nikasema ni kali, ndiyo. Tukapita mtini, tukapita kona ya pili. Chini msalaba ukatokea, na pale penye majani walipokuwa wamesimama kunywa maji. Akaniwekea mkono kwenye usukani, nikasimamisha gari.

"Alikuwa ameshavua glavu moja," alisema. "Na wewe ulikuwa umeshafungua mlango. Ningenyamaza tu, Mado. Tungepita kwa mbuzi, wangetulilia weee, na yeye angeninunia mpaka leo."